NENO "KAFIRI" LILIVYOFIKA HISPANIA



Ndugu wasomaji, hivi karibuni mtoto wa madrasa yetu hapa Nakivale aligombania zamu ya dumu bombani na mtoto wa jirani, Mkristo kutoka Kongo. Akamwita "kafiri". Jioni mama yake alikuja kutuuliza: "Mwalimu, mwanangu amekosa nini?" Tulikosa jibu la haraka. Basi tuifuatilie historia ya neno hili, maana limesafiri kuliko sisi wakimbizi.

Asili yake ni Kiarabu, na maana ya mzizi wake ni kufunika. Mkulima hufunika mbegu kwa udongo, ndiyo maana wafasiri wengi wameeleza kwamba "kuffaar" katika Surat al-Hadid, aya ya 20, ni wakulima. "Kafara" nayo imetoka hapo hapo, kwa kuwa hufunika kosa. Katika elimu ya itikadi, kafiri ni mwenye kuifunika haki akaikataa. Hapo hakuna rangi wala kabila.

Katika pwani yetu, Waislamu waliwaita hivyo watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Wareno walilikuta neno hilo, wakalitamka "cafre". Mikononi mwao likaacha dini, likawa jina la mtu mweusi, hasa wa kusini mashariki mwa Afrika. Kutoka Kireno likaingia Kihispania. Kati ya 1580 na 1640 Hispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na miongoni mwa watumwa waliofikishwa Manila na Mexico walikuwemo walioandikwa "cafre".

Leo kwa Kihispania "cafre" ni mtu katili au mshenzi asiye na adabu. Huko Mexico, dereva anayeendesha ovyo huitwa hivyo, na wengi wanaolisema hawajui kwamba ndani yake yumo Mwarabu na Mwafrika. Afrika Kusini, neno hilo hilo likawa tusi zito la ubaguzi. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo kwa kuwatukana nalo polisi weusi.

Angalieni basi: neno la imani likawa la rangi, likawa la tabia, mwisho likawa tusi. Mtoto wetu bombani alilipitisha safari hiyo yote kwa dakika moja. Hakuwa akizungumzia itikadi, alitaka maji.

Nasi wa Nakivale tunajua jina baya linavyoanza na linavyoishia. Rwanda, mwaka 1994, watu waliitwa mende kabla ya kuuawa, na wapo majirani zetu walionusurika. Tunapopanda gari kwenda Mbarara tunabanana kiti kimoja na Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyankole. Nani kati yao tumfunze mwanetu kumdharau?

Wazazi, msiseme ni utoto. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kuitana majina mabaya. Somo la itikadi tutaendelea kulisomesha mahali pake, lakini bombani jirani anaitwa kwa jina lake.

Kesho yake tulimpeleka mtoto kwa yule mama, akaomba radhi. Nasi walimu tuliomba pia, kwani tulikuwa tumelisikia neno hilo siku nyingi tukanyamaza.

Wabillahi tawfiq.