Gongo la Tikolo – Sehemu ya Pili: Mvua ya Kuala Lumpur

Wiki iliyopita tulimwacha mpigaji wa Kenya, Steve Tikolo, mjini Kandy, Machi 6, 1996, ubaoni pameandikwa 96. Sri Lanka walikuwa wamekwisha kumwaga mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati huo kwa mechi za kimataifa za kriketi za siku moja, na hakuna aliyeota kwamba Kenya ingeifikia. Kilichosubiriwa ni 4 tu. Mkenya wa kwanza kufikisha mia katika mechi za aina hiyo alikuwa bado hajapatikana.

Hakupatikana siku ile. Tikolo alitolewa palepale kwenye 96.

Huyu bwana ana bahati ya ajabu. Siku sita kabla, pale Pune, Kenya ilipowaangusha West Indies ya Brian Lara na dunia ikashika mdomo, yeye alipata 29 tu (ingawa, tuseme haki, hakuna mpigaji wa Kenya aliyempita). Lakini alipong'ara, 65 dhidi ya India kule Cuttack, 96 hapo Kandy, timu ilifungwa. Ungedhani furaha yake na furaha ya timu zimekatazwa kupanda matatu moja.

Sasa twende Kuala Lumpur, Aprili 12, 1997. Fainali ya Kombe la ICC: Kenya na Bangladesh. Zote mbili zilikuwa zimeshajikatia tiketi ya Kombe la Dunia la 1999, kwa hiyo mtu angesema hapakuwa na cha kugombaniwa. Angekosea. Kenya ilikuwa na kidonda: mwaka 1994, katika fainali ya kombe hilohilo, nyumbani Nairobi mbele ya watu wake, ilifungwa na Falme za Kiarabu.

Wiketi za mwanzo zilianguka mapema. Tikolo, mdogo wa Tom na David walioichezea Kenya kabla yake, akatia nanga. Mikimbio 147! Kenya ilimaliza na 241. Piga hesabu mwenyewe, wenzake wote pamoja na nyongeza waligawana 94, na katika hizo Maurice Odumbe alichukua 43. Mia iliyomponyoka Kandy ilikuja na chenji.

Kisha mbingu zikafunguka.

Mvua ya Malaysia haibishi hodi. Mchezo ukasogezwa hadi kesho yake, na waamuzi wakafungua jedwali la Waingereza wawili, Duckworth na Lewis, hesabu iliyokuwa imeanza kutumika uwanjani Januari ya mwaka uleule. Bangladesh wakakatiwa ova 25 badala ya 50, na shabaha ikawa 166. Ova nusu, lakini mikimbio zaidi ya nusu. Usione ni dhuluma: mwenye unga wa siku sita hupima kwa kikombe, ila ukimwambia ni wa siku tatu, atasonga sima kubwa bila woga. Timu yenye wiketi zake 10 na ova chache nayo hupiga hivyohivyo.

Nao wakapiga. Wiketi zikadondoka, mikimbio ikapanda, hadi ova ya mwisho. Mipira 6, mikimbio 11. Mpira akapewa Martin Suji.

Mpira wa kwanza, Khaled Mashud akauinua ukavuka mpaka bila kugusa nyasi. Sita. Zikabaki 5.

Zikaendelea kupungua, moja hapa, moja pale, mpaka ukabaki mpira mmoja na mkimbio mmoja. Na hapa ndipo mpigaji anapoonewa na mchezo wenyewe: kazi ya Tikolo ilikwisha jana, na zile 147 haziwezi kuongezwa hata moja. Gongo halina la kusema tena.

Gongoni yuko Hasibul Hossain, ambaye kazi yake hasa ni kurusha, si kupiga. Kati ya wiketi na wiketi ni mita kama ishirini. Mwenzake upande wa pili ameinama, mguu mmoja mbele, tayari kuchomoka mpira ukigusa chochote: gongo, pedi, hata kidole.

Suji akageuka. Akaanza kukimbia. Mpira ukatoka mkononi, ukadunda, ukamfuata Hasibul miguuni…

Itaendelea Jumamosi ijayo.