Magari yaliyotumika na hatari ya kuvuja mafuta: Barua ya mtengenezaji haivuki bahari

Na Mwandishi Wetu

MAGARI yaliyotumika yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, mengi yakitoka Japani, huja na hati za mnada, nyaraka za usafirishaji na funguo zake. Kinachokosekana ni barua ya mtengenezaji inayomtahadharisha mwenye gari kwamba kifaa fulani kina kasoro na kinapaswa kubadilishwa bila malipo.

Barua hiyo ndiyo nguzo ya utaratibu wa kurejesha magari kwa ajili ya usalama. Mtengenezaji anapobaini kwamba magari ya toleo fulani yana kasoro inayoweza kusababisha ajali au moto, hutakiwa kuiarifu mamlaka ya nchi, kuwaandikia wamiliki na kugharimia matengenezo. Nchini Japani taarifa hupelekwa kwa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii. Nchini Marekani jukumu hilo liko chini ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, iliyoanzishwa mwaka 1970 kufuatia sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966.

Neno kurejesha huwachanganya wengi. Kwa kawaida gari halirudi kiwandani, wala mwenye gari harudishiwi fedha zake. Hupelekwa kwenye gereji ya wakala wa mtengenezaji, kifaa chenye kasoro kikabadilishwa, kisha likaendelea na safari zake.

Mafuta huvujia wapi

Petroli hutoka kwenye tangi kwa nguvu ya pampu, hupita kwenye mabomba na kichujio, kisha hufika kwenye injini. Katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kuna pampu ya pili inayoongeza mkandamizo huo makumi ya mara. Kiungo kikilegea au bomba likipata ufa katika sehemu hiyo, mafuta hurushwa karibu na vyuma vyenye joto kali.

Njia nyingine ni ile ya mvuke. Magari ya kisasa yana kopo lenye mkaa maalumu linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi ili usipotelee hewani. Kopo hilo likipasuka, mafuta yenyewe yanaweza kupita na kudondoka, hasa tangi likiwa limejaa.

Mfano wa zamani unaojulikana zaidi ni wa Ford Pinto nchini Marekani. Tangi la gari hilo liliwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, na lingeweza kupasuka gari likigongwa kutoka nyuma. Mwaka 1978 kampuni ya Ford iliyarejesha magari yapatayo milioni 1.5 ya Pinto na ndugu yake, Mercury Bobcat. Matengenezo yenyewe yalikuwa kuweka kinga ya plastiki mbele ya tangi na kurefusha bomba la kujazia mafuta.

Noah, Voxy na Prius

Matukio mawili yanawahusu kwa karibu wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, kwa kuwa yaligusa magari wanayoyaona kila siku.

Januari 2011, kampuni ya Toyota ilitangaza kurejesha zaidi ya magari milioni 1.7 duniani kutokana na hatari ya kuvuja mafuta. Takriban milioni 1.3 yalikuwa Japani, na miongoni mwake zilikuwamo Noah na Voxy. Kasoro ilihusu mabomba na pampu ya mafuta. Wakati wa tangazo hilo, kampuni ilisema hakukuwa na ajali iliyoripotiwa.

Juni 2016, Toyota ilitangaza tena kurejesha magari milioni 2.87 yaliyotengenezwa kati ya Aprili 2006 na Agosti 2015, yakiwamo Prius, Auris na Corolla. Safari hii tatizo lilikuwa nyufa katika kifaa cha kudhibiti mvuke wa petroli. Nyufa hizo zingeweza kupanuka kadiri miaka inavyopita hadi mafuta yakavuja.

Tangazo la 2011 liligusa hata magari yaliyokuwa na umri wa takriban miaka kumi. Gari linapoandaliwa kusafirishwa nje ya Japani, usajili wake nchini humo hufutwa. Hivyo, lolote lililokuwa limeshavuka bahari kufikia siku ya tangazo halikuwa tena na mmiliki nchini Japani wa kuandikiwa barua.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, nayo Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Masharti hayo yanahusu umri. Aidha, cheti cha ukaguzi hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakiwezi kueleza kasoro itakayotangazwa miaka miwili baadaye.

Gharama ya kuchelewa

Hata pale barua inapofika, kuipuuza kuna madhara. Mwaka 2004 katika jimbo la California, Marekani, ndugu wawili wa kike walifariki dunia baada ya gari la kukodi walilokuwa wakisafiria kushika moto na kugongana na lori. Gari hilo, Chrysler PT Cruiser, lilikuwa limetangaziwa kurejeshwa takriban mwezi mmoja kabla, kwa sababu mafuta ya usukani yangeweza kuvuja na kuwaka. Kampuni ya kukodisha ilikuwa haijalitengeneza.

Mama yao aliendesha kampeni kwa miaka mingi, na mwaka 2015 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozikataza kampuni kubwa za kukodisha kuyatoa magari ya namna hiyo kabla ya kutengenezwa. Sheria ilianza kutumika mwaka 2016.

Namna ya kuchunguza

Kasoro hufuata namba ya chesisi, bila kujali gari limepita mikononi mwa watu wangapi. Kwa hiyo mmiliki wa gari lililotumika anaweza kujichunguzia mwenyewe.

Kwanza, aandike namba ya chesisi kama ilivyo kwenye kadi ya gari na ailinganishe na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi, yenye herufi za toleo, kistari na tarakimu. Kwa mfano, Noah na Voxy nyingi za kati ya 2001 na 2007 huanza na AZR60 au AZR65. Namba hizo hazitambuliwi na tovuti ya NHTSA, ambayo inahitaji tarakimu na herufi 17.

Pili, aingize namba hiyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani unaohusu magari yaliyorejeshwa, au amwombe muuzaji afanye hivyo na kumpa majibu kwa maandishi kabla ya malipo.

Tatu, akague fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi gari lililokwisha kutengenezwa Japani hubandikwa hapo kibandiko kidogo chenye namba ya kazi iliyofanyika.

Nne, gari likigundulika kuwa na kasoro, awasiliane na wakala rasmi wa mtengenezaji nchini mwake na kuuliza kama kipuri kinapatikana na nani atalipia. Asikubali bomba la petroli lenye ufa lizibwe kwa gundi au kufungwa kwa mpira.

Ukisikia harufu ya petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kukusanyika katika sehemu zilizofungwa, na cheche ndogo hutosha kuuwasha. Kwa sababu hiyo, harufu ya petroli isiyoisha ndani ya gari au tone la mafuta chini ya gari haipaswi kuachwa hadi siku ya matengenezo ya kawaida.

Dereva anayenusa petroli akiwa barabarani asimame mahali salama, azime injini, ashushe abiria wote na kuwasogeza mbali, kisha amwite fundi. Injini isiwashwe tena kwa ajili ya kujaribu, sigara zisiwashwe jirani, na gari lisiegeshwe ndani ya gereji ya nyumbani. Gari ambalo kasoro yake ya kuvuja mafuta haijarekebishwa liegeshwe nje, mbali na nyumba na jiko, hadi kipuri kitakapopatikana.