Neno "Graecus" na Manung'uniko ya Yeruzalemu

Neno lililo jepesi katika sarufi laweza kuwa zito katika historia. Tutazame neno Graecus, maana yake "Mgriki" ao "-a Kigriki".

Kwa sarufi halina shida. Lafuata mfano wa bonus: Graecus, Graeca, Graecum. Sisi twageuza kichwa cha neno: Mgriki, Wagriki, Kigriki. Walatini waligeuza mkia: Graecus, Graeci, Graecorum. Ndiyo sababu katika Vulgata, Luka 23,38 yasema litteris Graecis, kwani neno lapatana na litteris. Lakini Yoane 19,20 yasema Graece, neno lisilogeuka, maana yake "kwa Kigriki".

Wagriki wenyewe walijiita Hellenes. Aristotele aandika kwamba Graikoi lilikuwa jina la zamani la watu wa upande wa Dodona. Waroma wakaliita taifa zima kwa jina hilo. Waliuharibu mji wa Korinto mwaka 146 mbele ya Kristu, nao wakapokea elimu ya Wagriki, lakini dharau haikukoma. Wakawa na neno Graeculus, "kajigriki". Hata kaisari Adriano, aliyetawala tangu 117 mpaka 138, alipewa jina hilo la utani, kwa kuwa alipenda mno elimu ya Kigriki.

Katika Maandiko Matakatifu tuangalie zaidi. Katika Yoane 12,20, Hellenes watafuta kumwona Yezu. Vulgata iliandika gentiles, ndiyo kusema wapagani, lakini watu wale walikuwa wamepanda Yeruzalemu kuabudu. Vulgata Mpya, iliyotolewa na Papa Yoane Paulo II mwaka 1979, imeandika Graeci.

Tena Matendo 6,1 yasema juu ya manung'uniko Graecorum. Hapo maandiko ya Kigriki hayasemi Hellenes, bali Hellenistai, nao wataalamu wengi wafahamu kwamba ni Wayuda waliosema Kigriki. Mkatekista akitafsiri "Wagriki" tu, wasikilizaji watadhani taifa liligombana na taifa. Kumbe walikuwa ndugu wa taifa moja na wa imani moja. Lugha iliwatenga, na wajane wa upande mmoja walisahauliwa wakati wa kugawa chakula kila siku.

Mitume walifanya nini? Hawakuwanyamazisha walionung'unika. Waliwaita wanafunzi wote, wakawaambia wachague watu saba. Majina ya wale saba, tangu Stefano mpaka Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kigriki. Yaonekana basi kwamba upande ulionung'unika ulipewa kazi ya kugawa, kwa ajili ya wajane wa pande zote mbili.

Ndugu waseminari na wakatekista, nasi twatumikia parokia zenye lugha nyingi. Yakitokea manung'uniko, tusikimbilie kusema "ni mambo ya kabila". Tuulize kwanza: ni mjane gani aliyesahauliwa?