Hofu ya Mtoto Mkubwa

Mjamzito wa Kimaasai wa Endulen, Kakesio au Nainokanoka, huko Ngorongoro, akiingia miezi mitatu ya mwisho, wanawake wakubwa wa boma huanza kumpunguzia chakula. Nyama inaondoka, maziwa mazito yanaondoka. Anabaki na maziwa yaliyochanganywa na maji, uji mwepesi, na maji machungu ya magome anayoyanywa ili atapike. Shabaha ni moja: mtoto asikue sana tumboni. Mtoto mkubwa hunasa, na akinasa hufa yeye, au mama, au wote wawili.

Mimi ni Mwiraqw wa Rhotia, mkunga mstaafu. Kwetu Karatu mjamzito anayenenepa husifiwa kwamba amenawiri, na anayekonda huulizwa kama nyumbani kuna amani. Miaka ya 1990, UKIMWI ulipotisha kila kijiji, kukonda kukawa na maana mbaya zaidi, na hakuna mama aliyetaka kuonekana mwembamba. Kwa hiyo nilipoanza kuwapokea wanawake wa Kimaasai wanaoshuka kutoka Ngorongoro kupitia lango la Lodoare, mwiko wao ulinishangaza. Wauguzi wengi tulifundishwa kuuita ujinga. Leo nakataa neno hilo, na historia iko upande wangu.

Wamaasai wa Ngorongoro wanaijua njaa kuliko anayewahubiria. Sotoka ilipofagia ng'ombe wao mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndui nayo ikafuata. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliyefika kreta ya Ngorongoro mwezi Machi 1892, aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa mitupu. Watu wenye kumbukumbu hiyo hawawezi kudharau unono. Angalia wanachofanya mtoto akishazaliwa: kondoo anachinjwa, mafuta yake anapewa mzazi, supu inachemshwa na kila mtu anataka mama ashibe. Kunenepa ni kwema, ila kunamsubiri mtoto atoke kwanza.

Hesabu ya namna hiyo haikuwa ya Wamaasai peke yao. Mwaka 1889, miaka mitatu kabla ya safari ya Baumann, daktari Ludwig Prochownick wa Hamburg alitangaza mlo wa wajawazito wenye nyonga nyembamba. Matege yalikuwa yamewapinda wanawake wengi wa miji ya viwanda Ulaya, na kumpasua mama wakati ule ilikuwa hatari kubwa sana. Dawa ya daktari ilikuwa hii: katika wiki za mwisho mama apunguze maji, wanga na sukari, ili azae mtoto mdogo. Huyo ni daktari wa Ujerumani na yule ni bibi wa Endulen, na wote wawili wamefikia jibu lile lile kwa sababu wote hawakuwa na upasuaji wa kuuamini. Hata Marekani, hadi karibu mwaka 1970, madaktari wengi walikuwa wakiwakemea wajawazito wasiongezeke zaidi ya kilo 9 hivi. Mwongozo wao wa 2009 unamruhusu mwanamke mwenye uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16.

Tena kadi yetu wenyewe ya kliniki inaogopa kitu kile kile. Mjamzito mwenye kimo chini ya sentimita 150 anawekewa alama ya hatari, kwa kuwa nyonga yake huenda ikawa finyu. Mama yule yule tukimaliza kumpima kimo tunampandisha mizani. Anapanda na shuka lake, shanga zimemjaa shingoni, vikuku mikononi, na sindano inacheza kabla ya kutulia. Ukitaka uzito wa kweli avue vyote, na kuvua mbele ya foleni si jambo dogo. Basi inaandikwa namba, na mwezi unaofuata akiongezeka tunampongeza. Yeye pongezi hiyo anaisikia kama habari mbaya.

Pamoja na hayo, kujinyima kunaumiza, na sitaficha. Mama anafika kwenye uchungu hana nguvu ya kusukuma, damu imepungua, na akivuja kidogo tu hali inakuwa mbaya. Faida yenyewe ni ndogo. Katika njaa iliyowapata Waholanzi majira ya baridi ya 1944 na 1945, watoto walizaliwa na uzito uliopungua gramu 300 hivi, na wale walikuwa wamebanwa na vita. Nyonga finyu aghalabu imetokana na utapiamlo wa mama mwenyewe alipokuwa mtoto, na haifunguki kwa uji mwepesi.

Halafu huku ni kujinyima juu ya kunyimwa. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa 1959. Kilimo ndani yake kikapigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. Mahindi yananunuliwa, mengi kutoka huku Karatu, kwa bei ya mbuzi. Mwaka wa ukame mbuzi anakuwa hana bei, na mjamzito anapunguza chakula ambacho tayari hakitoshi.

Hofu ya Hamburg iliisha pale mwanamke alipojua kwamba mtoto akinasa yupo mtu wa kumtoa, na mama akabaki hai. Hospitali ya Endulen imewaokoa wengi. Lakini kutoka mabondeni hadi hapo, au kuzunguka ukingo wa kreta usiku kwenye ukungu na utelezi hadi Karatu, ni safari inayoweza kuua.

Wauguzi wenzangu mlioko kazini, kabla hamjamwambia mama ale, mwulizeni uchungu ukimshika usiku atafika vipi, na kwa gari la nani. Mama mkwe awepo, maana yeye ndiye anayepima maziwa. Kama hakuna gari, mpangieni aje mapema asubiri karibu na hospitali, na jibu hilo liandikwe kwenye kadi kama uzito unavyoandikwa.