Somo la kwanza la mgeni

Kila mtu aliyeishi ugenini anajua aibu ya kukosa maneno. Baba mzima, ambaye kwao husikilizwa barazani, anasimama mbele ya mwuza mkate na kuonyesha kwa kidole kama mtoto mdogo. Leo tunapenda kuwaelezea habari za walimu waliojaribu kumwondolea mgeni aibu hiyo: namna walivyotengeneza somo la kwanza la Kiingereza kwa watu wazima wasiojua hata neno moja. Habari hizi ni za zamani, lakini wale kati yetu wanaofundisha masomo ya jioni wataona faida yake.

Tuanze London. Tangu mwaka wa 1562 hata 1598 nchi ya Ufaransa ilisumbuliwa na vita vya dini. Waprotestanti wengi wa Ufaransa wakakimbilia Uingereza, mafundi na wachuuzi, pamoja na jamaa zao. Kati yao alikuwamo Jacques Bellot, mtu wa Caen. Mwaka wa 1586 alitoa kitabu kidogo cha mazungumzo, ambacho kilifuata siku ya mtu tangu asubuhi hata usiku. Watu wanaamka, watoto wanatumwa shuleni, chakula kinanunuliwa kwa mwuza samaki na mwuza nyama, wageni wanakaribishwa mezani, msafiri anashika njia. Maneno yaliandikwa kwa safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na tena Kiingereza kilichoandikwa kwa namna ambayo Mfaransa angeweza kukitamka. Maana Kiingereza huandikwa hivi na kutamkwa vile. Sisi tuliozoea Kiswahili, ambacho herufi zake hazidanganyi, twamwelewa Bellot vema. Yeye alijua mgeni anahitaji nini, kwa sababu naye alikuwa mkimbizi.

Lakini shule kubwa za Ulaya hazikufuata njia hiyo. Zilifundisha lugha hai kama Kilatini: sheria za sarufi, orodha za maneno, kutafsiri. Mwalimu mmoja Mfaransa, François Gouin, ndiye aliyeonja uchungu wa njia hiyo kuliko wengine. Alikwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Akashika sarufi yote kwa moyo kwa siku chache tu, akaenda kwa furaha kusikiliza waalimu wa chuo. Hakuelewa neno hata moja! Akarudi chumbani, akatafsiri vitabu vya Goethe na Schiller. Bure. Mwishoni akashika kamusi nzima, maneno 30,000, kwa muda wa mwezi mmoja, hata macho yake yakaugua. Akatoka tena kusikiliza watu, na bado hakuelewa.

Aliporudi kwao alimkuta mtoto wa ndugu yake, ambaye hakutimiza miaka mitatu. Gouin alipoondoka, mtoto huyu hakujua kusema. Sasa alisema pasipo shida. Siku moja mtoto alipelekwa kwenye kinu cha kusagia nafaka, akatazama kila kitu. Alipofika nyumbani akaanza kucheza kinu, akisimulia kila tendo kwa taratibu yake: magunia yanajazwa, yanapelekwa, nafaka inasagwa. Hapo Gouin akafumbuliwa macho. Mtoto hashiki maneno yaliyotupwa huku na huku. Anashika matendo yanayofuatana, na kila tendo linabeba neno lake. Gouin akayaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1880.

Basi mafundisho yake yalivuka bahari. Katika mwaka wa 1907 peke yake, wageni zaidi ya 1,200,000 waliingia Marekani. Wengi walitoka Italia, na wengine wengi walikuwa Wapolandi na Waslovaki, Wakatoliki kama sisi. Walikwenda kufanya kazi viwandani na katika mashimo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Huko aliishi Peter Roberts, mchungaji wa Kiprotestanti aliyezaliwa Wales, ambaye aliwaona wageni hao kila siku. Mwaka ule wa 1907 aliingia kazini katika chama cha vijana kiitwacho YMCA, akatengeneza masomo kwa ajili yao.

Tutazame vizuri kazi yake. Mwanafunzi wake alikuja jioni, amechoka, mikono migumu, pengine hajui kusoma hata lugha ya kwao. Mwalimu naye mara nyingi hakujua lugha ya wanafunzi. Kwa hiyo Roberts alitaka sikio litangulie, kusoma kufuate, kuandika kuje mwisho. Masomo aliyagawa katika mafungu matatu: mambo ya nyumbani, mambo ya kazi, mambo ya biashara. Somo la kwanza lilihusu mtu anayeamka asubuhi. Mwalimu alisema sentensi moja fupi na kuitenda mbele ya wote. Wanafunzi wakaisema pamoja, kisha mmoja mmoja. Tuseme somo ni juu ya kuwasha moto: ninachukua kuni, ninazipanga, ninawasha kiberiti, moto unawaka. Sentensi ya kwanza inaita ya pili, kama mashanga katika uzi mmoja. Na mwanafunzi anaporudi nyumbani na kuwasha moto wake, somo linarudi pamoja naye.

Njia ilikuwa nzuri. Lakini njia nzuri yaweza kumfikisha mtu mahali asipotaka. Mwaka wa 1914 kiwanda cha magari cha Ford, karibu na Detroit, kilifungua shule yake kwa njia hiyo ya Roberts. Wageni walilazimishwa kuhudhuria, nje ya saa za kazi. Pamoja na lugha walifundishwa pia namna ya kula, ya kuoga na ya kuweka akiba, na wajumbe wa kampuni walikwenda nyumbani kwao kupeleleza maisha yao. Siku ya kumaliza masomo, wanafunzi waliingia katika chungu kikubwa cha mchezo wakiwa na mavazi ya kwao, wakatoka upande wa pili wamevaa suti na kushika bendera za Marekani. Katika kampuni nyingine, International Harvester, somo la Kiingereza lilihusu filimbi ya kazi, saa ya kuingia na amri za kiwanda.

Hatusemi kwamba filimbi si ya lazima. Mtu asiyejua neno la hatari aweza kufa kwa ajili ya mashini. Lakini tunauliza: je, sentensi ya kudai mshahara uliopunguzwa iko wapi? Sentensi ya kumwambia mkubwa kwamba hesabu imekosewa iko wapi? Anayepanga somo huchagua pia mwanafunzi wake atakuwa mtu wa kusema nini. Wapolandi wa Chicago walijifunza Kiingereza kwa ajili ya kazi, na katika parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka, iliyoanzishwa mwaka wa 1867, waliendelea kusali na kuimba kwa lugha yao. Hawakuona sababu ya kutupa moja ili kupata nyingine.

Leo ndugu zetu wengi waliokimbilia Uganda wanaanza Kiingereza wakiwa wazee wa jamaa. Wewe unayewafundisha, usianze na sarufi. Uliza kwanza: kesho asubuhi mtu huyu atakwenda wapi, atakutana na nani, ataomba nini? Pengine ni hospitali, pengine soko, pengine ofisi. Chagua tendo moja, lipange kwa sentensi fupi nane au kumi, litende mbele yao, kisha uwaache walitende wenyewe. Na kati ya sentensi hizo usisahau hizi mbili: «Sijaelewa, tafadhali rudia», na «Hapana, sivyo ilivyokuwa». Kwa ile ya kwanza mgeni ataendelea kujifunza pasipo wewe. Kwa ile ya pili atasimama tena kama mtu mzima.