Karatasi ya Saini

Karatasi yenyewe ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza iliuliza mtoto anadhurika na vyakula gani, na anavaa viatu namba ngapi. Ya pili ilikuwa na mstari mmoja wa nukta, mahali pa mzazi kutia saini. Nilikaa nayo siku tisa.

Ilikuwa Januari 2004, nasi tukiishi Edinburgh. Kijana wetu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, alikuwa kadeti wa anga, yaani mmoja wa wale vijana wanaokutana jioni kujifunza gwaride, ramani na habari za ndege, ilhali si askari wala hawalazimiki kuwa askari. Kila mwaka, mwezi wa Februari, kikosi chao kilipanda basi kwenda milima ya Cairngorm kuteleza kwa skii. Mimi ni mtu wa Tanga. Baridi kali niliyoijua ujanani ni ya Mafinga, nilipokuwa JKT. Hata neno lenyewe theluji tumelichukua kwa Waarabu, ambao wengi wao nao hawaioni kwao! Basi, kwa kuwa nisilolielewa hulitafutia asili yake, nikaanza kuuliza safari hii ilitoka wapi.

Makadeti wa anga waliundwa rasmi Februari 1941, vita vikiwa vimepamba moto, ili vijana waandaliwe kabla ya kuingia katika jeshi la anga. Lakini nyuma yao kulikuwa na jambo la zamani zaidi. Mwaka 1889 Octavia Hill, mama aliyejulikana kwa kushughulikia makazi ya maskini wa London, alianzisha kikosi cha kadeti huko Southwark kwa ajili ya watoto wa mitaa ya dhiki. Ukadeti, kwa upande huo, ulikuwa wa watoto wa makabwela.

Skii haikuwa hivyo hata kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Henry Lunn alikuwa akiwapeleka Waingereza Uswisi majira ya baridi, na chama alichokiunda kilikuwa cha waliosoma shule za wenye nazo. Mwanawe, Arnold, ndiye aliyepanga huko Mürren, mwaka 1922, mashindano ya kuteleza kwa kupindapinda kati ya vijiti, ambayo leo yamo katika Olimpiki. Mtoto wa Southwark angefikaje huko?

Alifika kwa njia ya Uskochi. Wakati wa vita makomandoo wa Norway walifanya mazoezi Glenmore, chini ya Cairngorm, na baadhi ya waliopitia huko ndio walioteleza kwa skii hadi kiwanda cha Vemork na kukilipua Februari 1943. Mwaka 1948 kikafunguliwa Glenmore kituo cha kufundisha watu mambo ya milimani. Mwaka 1960 ikajengwa barabara ya kupandia, na 1961 vikafungwa viti vya kuning'inia kwenye waya. Tangu hapo kijana wa Edinburgh au Glasgow aliweza kufika kwenye theluji kwa basi, bila pasipoti. Tena karibu na Edinburgh, hapo Hillend, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, ulitandikwa mteremko wa mikeka ya plastiki yenye nywele ngumu kama brashi, watu wakafanya mazoezi hata Julai. Kijana wangu alianzia hapo, akarudi na kidole gumba kimevimba kwa kunasa kwenye mkeka.

Nauli nayo ilikuwa na hadithi yake. Makadeti walisimama Jumamosi kwenye duka kubwa, wakiwatilia wateja bidhaa mifukoni, na ndoo ya sarafu kando. Fedha hizo ziliingia mfuko mmoja, na aliyepungukiwa kwao akalipiwa humo bila kutajwa jina. Viatu, suruali na miwani vilikuwa vya ghala, vimevaliwa na waliotangulia.

Yote haya yalinipendeza. Kilichonizuia mkono ni mwaka 1971. Novemba ya mwaka huo wanafunzi watano wa Edinburgh na msaidizi wa kiongozi wao, naye kijana tu, walikufa juu ya uwanda wa Cairngorm. Hawakuwa katika skii wala hawakuwa makadeti. Walikuwa wakijifunza kutembea milimani. Kundi lao lilikuwa likielekea kibanda cha kujihifadhi, dhoruba ikawakatisha, wakalala nje. Baada ya uchunguzi baadhi ya vibanda vile vya juu vilibomolewa, maana vilikuwa vikiwavuta watu pabaya, na masharti ya viongozi wa vijana yakakazwa. Kilele cha Cairngorm kina mita 1,245 tu. Mji wetu wa Lushoto uko juu zaidi ya hapo! Lakini kileleni pale, Machi 1986, upepo ulipimwa ukaenda kilomita 278 kwa saa.

Nilimwendea afisa wa kikosi, mtu wa kujitolea ambaye mchana alikuwa fundi bomba. Sikumzunguka, nikamuuliza habari za 1971. Hakunituliza kwa maneno matamu. Alinionyesha orodha ya viongozi na vyeti vyao, akasema kwamba upepo ukizidi hawapandi, na kwamba kuna mwaka walikwenda wakakaa bwenini siku zote wakicheza karata.

Nyumbani mama watoto alinitazama na ile karatasi, akasema, "Kwani wewe ulipokwenda Mafinga, nani alimwomba mama saini?"

Nikatia saini.

Siku zile walipandishwa kwa treni ya mlimani iliyofunguliwa mwishoni mwa 2001, iliyochukua nafasi ya viti ambavyo upepo ulikuwa ukivisimamisha kila mara. Theluji haikuwa nyingi, majani yakichungulia kando ya njia. Nimeifuata habari hiyo tangu hapo. Kwenye mlima jirani wa Braeriach kuna kipande cha theluji kilichozoeleka kudumu mwaka mzima. Katika karne ya 20 kiliyeyuka chote mara tatu tu, 1933, 1959 na 1996. Katika karne hii, hadi kufikia 2021, kilikuwa kimekwisha 2003, 2006, 2017, 2018 na 2021.

Kijana alirudi Jumapili usiku, uso umeungua kwa jua isipokuwa pale palipokuwa na miwani. Alikula sahani mbili za wali, akalala na soksi. Asubuhi nilikuta viatu vya ghala mlangoni, vimejazwa magazeti ili vikauke, kwa kuwa vilitakiwa virudishwe Jumanne.