Kiti Mbele ya Madaktari

Katika miaka ya mwanzo ya UKIMWI, mikutano ya utafiti wa tiba ilikuwa ya wataalamu peke yao, na mgonjwa alionekana humo kama tarakimu katika jedwali, ilhali ndugu aliyemuuguza hakuonekana kabisa. Hali hiyo ilianza kutikisika Juni 1983 huko Denver, Marekani, pale kikundi kidogo cha wanaume wenye UKIMWI, miongoni mwao Michael Callen na Bobbi Campbell, kilipopanda jukwaani katika kongamano la afya na kusoma tamko lililokuja kuitwa Kanuni za Denver. Tamko hilo lilikataa wenye ugonjwa kuitwa wahanga, kwa kuwa jina hilo hubeba maana ya kushindwa, na likadai wahudhurie makongamano yote ya UKIMWI wakiaminiwa sawa na washiriki wengine.

Suala la jina halikuwa dogo. Katika Kiswahili pia neno "waathirika", ambalo kwa umbo lake humfanya mtu kuwa mtendwa tu, lilitumika kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuipisha istilahi "watu wanaoishi na VVU", yaani wenye virusi vya UKIMWI ambao bado wana maisha ya kupanga na maneno ya kusema.

Afrika Mashariki ilichangia jambo ambalo Denver haikuwa nalo, nalo ni nafasi ya familia. Noerine Kaleeba wa Uganda, aliyefiwa na mumewe Januari 1987, alianzisha na wenzake mwaka huohuo TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI na familia zao, na nchini Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983, Theresa Kaijage aliasisi shirika la WAMATA mwaka 1989. Jina hilo la pili, kifupi cha "Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania", halikumtenga anayeugua na anayeuguza, na kwa hilo waasisi wake waliona mbali kuliko waandaaji wengi wa mikutano ya zama zao.

Historia hii husimuliwa mno kama habari ya ujasiri wa jukwaani, kama ule wa wanaharakati waliolitwaa jukwaa la ufunguzi wa mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa Montreal, Kanada, mwaka 1989, au wa mtoto Nkosi Johnson, aliyehutubia ufunguzi wa mkutano wa Durban mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 11 na kufariki Juni mwaka uliofuata. Hata hivyo, ujasiri haumfikishi mtu ukumbini asipokuwa na nauli, malazi, mkalimani, chumba cha kupumzikia na kumezea dawa kwa faragha, na zaidi ya yote ruhusa ya kuingia nchini. Tangu mwaka 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye VVU kuingia, jambo lililofanya mashirika mengi yasusie mkutano wa San Francisco wa mwaka 1990, na mkutano wa 1992 uliopangwa Boston ukahamishiwa Amsterdam. Serikali 42 zilipotia saini Azimio la Paris tarehe 1 Desemba 1994, zikiahidi ushiriki mpana zaidi wa watu wanaoishi na VVU katika maamuzi yanayowahusu, zuio hilo bado lilikuwa sheria. Liliondolewa Januari 2010, na mkutano ukarejea Marekani, mjini Washington, mwaka 2012.

Kuondolewa kwa sheria hiyo ya Marekani hakukuondoa kikwazo kwingineko. Mkutano huo uliporudi Montreal mwaka 2022, katika mji uleule ambako jukwaa lilitwaliwa miaka 33 kabla, wajumbe wengi kutoka Afrika walinyimwa viza au hawakupata majibu kwa wakati, na viti vyao vikabaki vitupu.